SOMO LA KIINGEREZA: NENO «IMPLY»



Leo tunataka kuangalia neno moja la Kiingereza linalotusumbua, juu wote tunalipima kwa Kifaransa: neno «imply». Wengi wakiliona wanasema ni «impliquer» tu, na basi, wanaendelea. Kweli maneno haya ni ndugu. Yanatoka ku Kilatini «implicare», ni kusema kukunja ndani, sawa vile mtu anavyokunja feza ndani ya kitambaa. Hata «employ» ni wa jamaa hiyo. Lakini ndugu hawana tabia moja.

Mtu akisema neno, na ndani yake amekunja neno lingine ambalo hakulitamka, Waingereza wanasema: he implies. Kiswahili cha vitabu kina «kudokeza». Sisi huku tunasema zaidi kusema kwa mafumbo ao kuzungusha maneno. Jambo lenyewe tunalijua tangu utoto. Mgeni amekaa mpaka usiku, mama wa nyumba anaita: «Watoto, fungieni kuku, giza limeingia.» Hakumfukuza mtu. Lakini mgeni mwenye akili anatafuta kofia yake.

Sasa tuingie katika chumba cha kulala cha internati. Mwanafunzi anamwambia mwenzake: «Tangu uhamie humu, sabuni yangu inaisha upesi.» Yule anakuja mbio kwetu sisi wa darasa la sita: «Ameniita mwizi!» Hapana. Neno mwizi halikutoka kinywani. Hatuwezi kuandika: He said that I was a thief. Tutaandika: He implied that I was a thief. Anayeandika «said» anashuhudia maneno, na kila aliyekuwa chumbani anaweza kuyahakikisha. Anayeandika «implied» anashuhudia maana, na maana inaweza kubishaniwa.

Ndipo linakuja neno la pili, «infer». Anayesema ndiye implies. Anayesikia ndiye infers, anachota maana katika maneno ya mwenzake. Na mtu anaweza kuchota kitu ambacho hakikutiwa! Labda mwenye sabuni alitaka kusema tu: unaoga na sabuni yangu kila siku, nunua yako. Basi: You inferred it, but he did not imply it. Sisi tunaoshika daftari la nidhamu tunaona mabishano mengi yanalala hapo katikati. Kwa hiyo mbele ya kuandika jina la mtu tunauliza kwanza: alisema maneno gani hasa? Kisha: wewe ulisikia nini ndani yake? Waingereza wenyewe, wamoja wanachanganya maneno haya mawili, na kamusi zinaonyesha hivyo. Lakini mwalimu ataweka wino mwekundu.

Sarufi, kwa upesi. Tunaandika implies, implied, lakini implying. Tunatamka «implai», mkazo mwishoni, si «impli». Usiseme He implied me that. Sema He implied to me that. Kitu pia kinaweza: Smoke implies fire. «Infer» linafuatana na from, na inferred ina r mbili.

Mtego mkubwa ni huu: «Il est impliqué dans le vol.» Wengi wanaandika He is implied in the theft. Kosa! Ni involved. Lakini «Cela implique que» ni That implies that, hapo ndugu wanapatana. Na katika mtihani, swali What does the writer imply? halitafuti mstari wa kunakili. Anayenakili amejibu swali lingine: What does the writer say?

Zoezi. Sahihisheni: The teacher inferred to us that the test was near. My brother is implied in the accident. From her silence I implied that she was angry. Sentensi ya mwisho haina kosa: Your shirt was white on Monday. Andikeni anayesema implies nini, na mwenye shati anaweza infer nini kingine. Mulete majibu kwetu mbele ya siku ya Ijumaa, kila mtu kwa mkono wake.