SOMO: MISHIPA YA FAHAMU NAYO INAKULA

Ndugu msomaji, unapotaka kuinua jembe, ubongo unatuma amri mpaka mkononi. Amri inapita katika mishipa ya fahamu. Lakini kati ya seli na seli kuna nafasi ndogo sana. Basi seli inamtuma mjumbe, ndiyo dawa ambayo mwili unajitengenezea wenyewe, avuke na kupeleka habari.

Mjumbe huyu anatengenezwa kwa nini? Kwa chakula. Tumbo linavunja maharagi, samaki au yai kuwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Damu inavibeba mpaka kwenye ubongo. Huko kuna ukuta wenye milango, kama bariyeri yetu ya Bunagana. Wajumbe wengi waliokwisha kutengenezwa hawapiti, vipande vinapita. Kipande kiitwacho triptofani kinakuwa serotonini, inayosaidia usingizi na utulivu wa moyo. Tirozini inakuwa dopamini, ya mwendo na hamu ya kazi. Kolini, iliyo nyingi katika yai, inakuwa asetilikolini, inayoamuru misuli. Kazi ikiisha, seli inairudisha kolini ndani na kuitumia tena. Mafundi wa kazi hii wanahitaji pia madini ya chuma na vitamini B6.

Sasa mama, angalia sahani ya mtoto. Mahindi yana triptofani kidogo. Maharagi yanajaza upungufu huo, na mahindi nayo yanasaidia maharagi. Kwa hiyo usimpe bugali tupu, wala viazi tupu. Changanya: bugali na maharagi, bui ya mahindi na soya, lengalenga, na sambaza zikipatikana.

Tunajua maisha ni magumu. Vita vya Juni 2022 viliwakimbiza wengi wetu, hata ng'ambo Uganda, na mashamba yakaachwa. Lakini ukipeleka mayai na maharagi sokoni, usiuze yote. Bakiza ya mtoto kwanza.

Mtoto akivimba miguu, nywele zikibadilika rangi, akawa mnyonge hataki kucheza, usiseme amerogwa, usimwite mvivu. Pengine ni bwaki. Usingoje: mlete hospitali leo.

Maswali:
1. Nani anabeba vipande vya chakula mpaka kwenye ubongo?
2. Kwa nini bugali peke yake haitoshi?
3. Leo nyumbani kwako, mtoto atakula bugali na nini?