SOMO LA UFUNDI: KADI YA WAI-FAI INAPOKATAA KUFANYA KAZI KATIKA LINUX



Katika matawi mengi ya chama kuna kompyuta moja tu, nayo mara nyingi ni laptopu ya mtumba. Ndani yake mna orodha ya wanachama, hesabu za michango, na barua za malalamiko zinazosubiri kupelekwa kwa mwajiri. Siku laptopu hiyo inapokataa kushika mtandao, kazi ya tawi husimama. Barua haiendi, na sheria ambayo mwanachama alitaka kuisoma haifunguki.

Hapo hutokea mambo mawili. Wengine huambiwa kwamba kadi imekufa, wakatoa fedha ya chama kununua mashine nyingine. Wengine huibeba laptopu hadi kwa fundi wasiyemjua na kumwachia siku tatu, pamoja na majina yote ya wanachama. Jambo hili la pili ni la hatari zaidi. Orodha ya wanachama ni siri ya tawi. Ikimfikia mwajiri mkorofi, wenzetu wataanza kuitwa ofisini mmoja mmoja.

Mara nyingi kadi haijafa. Kinachokosekana ni programu ndogo, na mwanachama yeyote anayejua kusoma na kuandika anaweza kuitafuta kwa utaratibu. Hilo ndilo somo letu la leo.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wasomaji wa ukurasa huu wako Mtandire na mitaa mingine ya Lilongwe, katika viwanda vya Kanengo, katika mashamba ya chai ya Thyolo na Mulanje, na katika kambi ya Dzaleka wilayani Dowa. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo inakaliwa na watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya haki ya wakimbizi kufanya kazi na kwenda watakako. Mwaka 2021, na tena mwaka 2023, serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kwa mtu aliyefungiwa njia ya kwenda kazini, kompyuta yenye mtandao ni mojawapo ya milango michache iliyobaki wazi. Masomo ya chuo kwa njia ya intaneti yalianza kutolewa Dzaleka mwaka 2010 na Wajesuiti. Mwanafunzi asiyeweza kuunganisha laptopu yake ameachwa nje ya darasa, hata kama amekwisha pokelewa.

Linux nayo inatufaa kwa sababu haina ada, na inakwenda vizuri katika mashine za zamani. Lakini kadi ya wai-fai ndipo mahali inapomkwamisha mtu mara nyingi.

2. MAMBO MATATU YA KUTENGANISHA

Tufikirie mashine ya kiwandani. Kwanza kuna mashine yenyewe. Pili kuna mwendeshaji, anayepokea amri za msimamizi na kuzigeuza kuwa vitendo vya mashine. Tatu kuna karatasi ya maagizo ambayo mashine hupangiwa asubuhi kabla ya kuanza. Kimoja kikikosekana, hakuna kinachozalishwa.

Ndivyo ilivyo katika laptopu. KADI ni kile kipande cha chuma na plastiki kinachopokea mawimbi. DRAIVA ni programu inayopokea amri za Linux na kuziendesha ndani ya kadi. FIMUWEA ni faili la maagizo ambalo draiva hulipakia ndani ya kadi kila inapowashwa. Mtu asiyetenganisha mambo haya matatu atanunua kadi mpya wakati alihitaji faili tu.

3. CHANZO CHA TAABU HII

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Tangu hapo imejengwa na watu wengi duniani. Watengenezaji wa kadi hawakufanana katika kuwasaidia. Kampuni ya Broadcom, ambayo kadi zake zimo katika laptopu nyingi za zamani za Dell na HP, kwa miaka mingi haikutoa maelezo ya namna kadi zake zinavyofanya kazi.

Wenye kujitolea hawakukaa kusubiri. Walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika maelezo ya jinsi kadi inavyotenda. Kundi la pili, bila kuigusa draiva ile, liliandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo peke yake, ili asitokee wa kusema kwamba wameiba. Draiva hiyo iliingia katika Linux mwaka 2006, na mrithi wake, iitwayo b43, aliingia mwaka 2008. Mwaka 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva ya wazi, lakini kwa kadi zake mpya tu.

Hata hivyo fimuwea ilibaki mali ya kampuni, na wengine hawakuruhusiwa kuisambaza. Ndiyo maana Linux mpya inaweza kuwa na draiva ya kadi yako na bado kadi isiwake: mwendeshaji amefika kazini, karatasi ya maagizo haijafika. Kwa kadi nyingine hali imekuwa nafuu. Kwa mfano, tangu Debian 12 ya mwaka 2023, fimuwea nyingi zinazoruhusiwa kusambazwa huja pamoja na kisakinishi.

4. HATUA ZA UCHUNGUZI

Fungua dirisha la amri. Andika kila amri kama ilivyo, kisha bonyeza Enter. Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Utakapoandika nywila herufi hazitaonekana, usishtuke, endelea.

Hatua ya kwanza: hakikisha kadi haijafungwa.

rfkill list

Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ndogo ubavuni mwa laptopu au kitufe chenye alama ya mnara, ukifungue. Ukiona "Soft blocked: yes", imefungwa na programu. Ifungue hivi:

sudo rfkill unblock wifi

Hatua ya pili: ijue kadi yako.

lspci -nnk

Orodha ndefu itatokea. Tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Mwishoni mwake mna namba mbili zilizotengwa kwa nukta mbili, kama 14e4:4315. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, na 168c ni Atheros. Ziandike namba zote mbili daftarini. Kibandiko cha nje kinataja laptopu tu, ila namba hizi zinaitaja kadi yenyewe. Kama kadi yako ni ya kuchomeka katika USB, tumia amri lsusb.

Sasa tazama mistari iliyo chini yake. Ukiona "Kernel driver in use", draiva ipo na imeishika kadi. Maneno hayo yasipokuwapo, kadi haina mwendeshaji.

Hatua ya tatu: isikilize mashine yenyewe.

sudo dmesg | grep -i firmware

Linux huweka kumbukumbu ya kila kinachoikwamisha. Ukiona jina la faili, kwa mfano linaloanza na b43/ucode, likifuatwa na maneno "not found", umepata jibu: draiva ipo, faili la fimuwea halipo.

Hatua ya nne: pata intaneti kwa njia nyingine. Utauliza, nitapakuaje faili la wai-fai bila wai-fai? Tumia waya wa mtandao kama upo. Kama haupo, unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, washa data, kisha katika mipangilio ya simu chagua kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu hiyo kama mtandao wa waya. Usikubali laptopu ijisasishe yote wakati huo, bando la Airtel au TNM litaisha kabla ya kazi.

Hatua ya tano: weka kinachokosekana. Kwa kadi za Broadcom zinazotumia b43, katika Ubuntu na Linux Mint:

sudo apt update
sudo apt install firmware-b43-installer

Katika Debian ni lazima kwanza kuruhusu sehemu ya hifadhi iitwayo contrib. Fahamu kwamba kifurushi hiki hupakua fimuwea wakati wa kusakinishwa. Ukikileta kwa flashi na kukisakinisha pasipo intaneti, hakitatimiza kazi. Kwa kadi za Intel, kifurushi cha Debian ni firmware-iwlwifi. Cha Ubuntu ni linux-firmware.

Hatua ya sita: mwondoe mwendeshaji na kumrudisha, ili apakie maagizo mapya.

sudo modprobe -r b43
sudo modprobe b43
nmcli device wifi list

Majina ya mitandao ya jirani yakitokea, kazi imekwisha.

5. MAMBO YA KUEPUKA

Usiweke draiva mbili kwa kadi moja. Broadcom ina draiva nyingine iitwayo wl, na ikisakinishwa huizuia b43. Mafundi wawili wakiwa wamepita katika laptopu moja, kila mmoja na draiva yake, kadi haimtii hata mmoja. Kagua yaliyozuiwa kwa amri hii:

grep -r blacklist /etc/modprobe.d

Usikate tamaa wai-fai ikipotea baada ya kusasisha. Draiva kama wl hujengwa upya kila kiini cha Linux kinapobadilishwa, na ujenzi huo ukishindwa kadi hulala. Washa upya, chagua kiini cha zamani katika orodha ya mwanzo, kisha tengeneza ukiwa na mtandao. Katika mashine mpya zaidi, kinga iitwayo Secure Boot huweza kukataa draiva ya namna hiyo. Ikague kwa amri mokutil --sb-state.

Usinakili amri usiyoielewa. Neno sudo ni ufunguo wa nyumba nzima.

Na kama ni lazima laptopu iende kwa fundi, kwanza hamisha orodha ya wanachama kwenye flashi ya chama, uifute katika laptopu, kisha mjumbe mmoja wa tawi akae na fundi hadi amalize.

6. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kadi, draiva na fimuwea. Tumia mfano wa mashine unayoifanyia kazi.

2. Amri lspci -nnk inaonyesha "Kernel driver in use: b43-pci-bridge", lakini hakuna mtandao unaoonekana. Je, kinachokosekana ni draiva? Ni amri gani utakayoandika baadaye?

3. Wenye kujitolea waligawana kazi katika makundi mawili. Kwa nini? Tawi letu linaweza kujifunza nini kutokana na mpango huo?

4. Nani katika tawi lenu anaruhusiwa kuifungua orodha ya wanachama? Je, jambo hilo limeandikwa mahali?

Kazi ya kufanya: kabla ya mkutano ujao, kila tawi liandike katika daftari lake namba za kadi ya laptopu yake, jina la draiva inayotumika, na jina la kifurushi cha fimuwea. Daftari hilo likae na katibu. Siku mashine itakapogoma, tawi litaanza na karatasi iliyo tayari, na mwanachama yeyote ataweza kuendelea kutoka hapo.