Hadithi ya jahazi na boti ya Gombe: Kunyamaza nako ni kutoboa

 

Ndugu msomaji, siku hizi imekuwa jambo la kawaida kwa madrasa, shule na jumuiya zetu za vijana kuandaa matembezi ya siku moja ya majini. Walioko Dar es Salaam huvuka kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Walioko Unguja huenda Changuu au Mnemba kutazama samaki na matumbawe. Sisi wa Kigoma tunalo Ziwa Tanganyika, na safari yetu mashuhuri ni ya boti kwenda Gombe, kuogelea kwa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, kisha kurudi jioni. Nimeulizwa mara kadhaa na wazazi hapa Kidahwe kama jambo hili lina ubaya wowote katika dini. Leo nataka kulijibu, lakini jibu langu linaanza na kosa langu mwenyewe.

Je, matembezi haya yanaruhusiwa?

Asili ya mambo haya ni uhalali. Katika Suratun-Nahl (16:14) Allah (S.W.) anatutajia bahari kuwa ni neema aliyotutiishia: tunapata humo nyama laini, tunatoa mapambo ya kuvaa, na tunaziona jahazi zikikata maji, ili tutafute fadhila zake na tupate kushukuru. Mtu hawezi kushukuru neema asiyoitazama.

Wala si jambo la wanaume peke yao. Bukhari na Muslim wamepokea habari za Ummu Haram bint Milhan (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa ameoteshwa watu wa umma wake wakipanda bahari katika njia ya Allah. Yule mama akaomba awe miongoni mwao, akaombewa, na kweli akaja kusafiri hadi kisiwa cha Kupro (Cyprus). Alifia huko kwa kuanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda baada ya kushuka jahazini, na kaburi lake linajulikana hadi leo karibu na mji wa Larnaca.

Na Ziwa letu lina cha kutazamwa. Lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na maji yake ya ufukweni ni maangavu. Wataalamu wameorodhesha humo aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na perege, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wapo ambao mama huwalea watoto wake ndani ya kinywa. Wapo wadogo kuliko kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wapo wanaokula magamba ya wenzao, na midomo yao imepinda, wengine kushoto na wengine kulia, kila mmoja kwa upande anaoshambulia. Kijana akivaa miwani na kuinamisha uso majini dakika tano tu, atajifunza juu ya uwezo wa Muumba jambo ambalo mimi ningelieleza ubaoni wiki nzima bila ya kumfikishia.

Kwa hiyo hukumu ya asili ni halali. Mtihani uko kwenye chombo kinachotupeleka.

Yaliyonikuta

Mwezi wa saba mwaka jana nilipeleka Gombe vijana wa kiume wa darasa letu la Jumamosi. Jumla tulikuwa 26, walimu na wanafunzi. Msomaji asiyeijua Kidahwe aelewe kwamba kwetu si ufukweni. Ni njia panda ya barabara ya Kasulu na ya Uvinza. Vijana wetu ni watoto wa mashamba ya michikichi na mihogo, na Ziwa wanaliona wanapokwenda mjini. Wengi wao hawajui kuogelea. Nilikuwa nalijua hilo.

Tuliswali Alfajiri, tukapanda gari, tukafika ufukweni jua likichomoza. Tukaikuta boti tuliyoilipia, boti ya mwendo kasi. Nikahesabu maboya ya kuvaa. Yalikuwa 15. Nikamwuliza mwenye boti, "Kaka, na hawa wengine?" Akacheka, akaniambia, "Ustadhi, wewe tena ndio wa kuogopa? Safari yenyewe fupi. Ajali haina kinga, Mungu yupo."

Vijana wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikwishatoa pesa zote, michango ya wazazi, na niliona haya kuonekana mbele ya wanafunzi wangu kuwa ustadhi anaogopa maji. Tukasoma dua ya kupanda chombo, tukaondoka.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Tulilipa viingilio, tukapewa maelezo ya hifadhi, tukaogelea kwa zamu penye mawe kwa sababu tulikuwa na miwani mitatu tu, tukaswali Adhuhuri kwenye changarawe za ufukweni. Tulipoanza kurudi ilikuwa imekwishapita saa tisa alasiri. Miezi hiyo ya kiangazi upepo wa kusi huvuma kwa nguvu Ziwani, nasi tulikuwa tunauelekea uso kwa uso. Mawimbi yakaanza kuingia ndani. Katikati ya njia injini ikazima, boti ikageuka ubavu kwa mawimbi.

Haikupita robo saa injini ikawaka tena. Lakini katika dakika zile nilihesabu upya, na hesabu ilikuwa ileile ya asubuhi. Watu 11 hatukuwa na boya. Boya langu nilikuwa nimempa kijana mmoja mdogo. Pembeni yangu alikaa mwingine wa kidato cha pili, naye hana, ameshika mkono wa kanzu yangu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Ustadhi, mimi sijui kuogelea." Sikuwa na la kumjibu.

Tulifika salama, alhamdulillah. Kesho yake vijana walikuwa wakisimuliana kwa vicheko. Nikaikumbuka aya ya Suratul-Ankabut (29:65) inayowasema watu ambao wakiwa jahazini humwomba Allah kwa ikhlasi, na akishawafikisha nchi kavu hurejea kwenye shirki zao. Sisi hatukurejea kwenye shirki, lakini kusahau tulisahau.

Jumamosi iliyofuata mama wa yule kijana alikuja darasani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu, mtoto nilikukabidhi wewe. Sikumkabidhi mwenye boti." Kisha akaondoka.

Hadithi niliyoifundisha bila kuielewa

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura wakagawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwalazimu kupita kwa wa juu, ndipo wakaona bora watoboe sehemu yao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa wa juu wakiwaachia watoboe wataangamia wote, na wakiwazuia mikono wataokoka wote.

Mimi nilikuwa nikiifafanua kwamba jahazi ni jamii, tundu ni maasi, na mikono ni kukataza maovu. Ufafanuzi huo ni sahihi. Lakini siku niliyopanda chombo cha kweli, chenye upungufu wa kweli, sikuuzuia mkono wa mtu. Wale wa chini hawakuwa na nia mbaya, walitaka maji tu. Mwenye boti hakuwa na nia mbaya, alitaka riziki yake. Na wale wa juu, lau wangenyamaza, wangeangamia pamoja nao. Mnyamaaji wa siku ile nilikuwa mimi.

Kisingizio chetu ni tawakali. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) habari ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwache huru na kutegemea. Akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Boya ndiyo kamba ya ngamia wetu. Katika Al-Adabul-Mufrad, Bukhari amepokea pia onyo kwamba anayepanda bahari wakati imechafuka akafa, basi dhima imemtoka. Na Suratul-Baqara (2:195) inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Msemo wa "ajali haina kinga" haukusudiwi kutufanya tuiache kinga iliyopo mkononi.

Hata makhalifa walilichukulia jambo hili kwa uzito. Sayyidna Umar (R.A.) hakumruhusu Muawiya kuwapeleka Waislamu vitani kwa bahari, kwa kuwahofia. Sayyidna Uthman (R.A.) alipokuja kuruhusu, alishurutisha kuwa asilazimishwe mtu. Hawa walikuwa viongozi waliojua kuwa wataulizwa juu ya roho za watu.

Tumekwishalipa vya kutosha

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mazingatio. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idd, MV Spice Islander ilizama baharini ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kwa ajili ya watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Na katika Ziwa letu hili, Desemba 2014, meli ya MV Mutambala ilizama upande wa Kongo, wakapotea watu zaidi ya 120.

Kila baada ya msiba tunaswali janaza na tunasema ni kadari. Ni kweli ni kadari. Lakini kadari haimwondolei mas-uliya aliyepakia kupita kiasi, wala aliyeona akanyamaza.

Mambo ya kuzingatia

Kwa yeyote anayetaka kupeleka familia au wanafunzi majini, nashauri haya:

1. Hesabu kabla ya kulipa. Maboya yawe sawa na idadi ya watu, yakiwemo ya watoto kwa vipimo vyao, na yavaliwe tangu mwanzo. Boya lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Usitoe pesa yote kabla hujaiona boti, kwani pesa iliyokwishatoka hufunga mdomo.

2. Uliza cheti na uwezo wa chombo. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara. Kuuliza si kumdhania mtu vibaya, ni haki ya abiria.

3. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Katika miezi ya upepo, panga kurudi mapema. Nahodha akisema leo hapafai, mshukuru na urudi nyumbani.

4. Sitara. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, hata akiwa majini. Dada zetu watafutiwe wakati na mahali pao, na mavazi ya stara yasiyowalemea wakiwa ndani ya maji.

5. Swala. Jamhuri ya wanazuoni wanakadiria safari ya kupunguza swala kuwa kilomita 80 na ushei. Kutoka mjini Kigoma hadi Gombe haifiki kilomita 30, na hata ukihesabu tangu Kidahwe hutimizi kiwango, basi swali kamili. Anayekwenda Mahale, zaidi ya kilomita 100 kusini, huyo ni msafiri. Kibla kwetu ni kaskazini ukielemea mashariki kidogo. Ukibanwa na wakati botini na kusimama ni hatari, swali umekaa.

6. Usiharibu. Usitupe mifuko majini wala usichukue samaki wa hifadhi. Uliyekwenda kutazama neema usiiache imepungua.

Mwaka huu tulikwenda tena. Boti ilikuwa na maboya 15, basi wakaenda watu 15, na 11 wakangoja Jumamosi nyingine. Gharama iliongezeka na baadhi ya wazazi walinung'unika. Mara zote mbili tulikuwa tumerejea nchi kavu kabla ya Adhuhuri. Yule kijana alikuwemo, amevaa boya tangu ufukweni. Kabla hajapanda, mama yake alikuja mwenyewe kutuhesabu, na sikuona haya kuhesabiwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliotangulia majini, atusamehe kunyamaza kwetu, na atujaalie kuwa watu wa kuizuia mikono kabla ya jahazi kutobolewa. Wabillahi tawfiq.