Kuacha pombe, jioni moja moja

*Daktari, kila Januari naapa kuacha pombe, lakini wiki haiishi nimerudi baa. Je, mimi ni dhaifu? Msomaji, Morogoro*

Ndugu msomaji, hapana. Kiapo hudai mwaka mzima, ilhali ubongo hujifunza kwa kurudia tendo dogo saa ileile. Katika utafiti wa University College London uliochapishwa 2010, mazoea mapya yalihitaji wastani wa siku 66, na kuruka siku moja hakukuyavunja. Utasema yalikuwa mazoea mepesi, kama kula matunda. Kweli, pombe ni nzito zaidi. Ndiyo maana ulenge saa ya baa tu: badili njia ya kurudi nyumbani, kula mapema, mpigie unayemwamini. Ukiteleza, endelea kesho yake. Lakini ikiwa asubuhi unatetemeka au unatokwa jasho hadi unywe, usiache ghafla; unaweza kupata degedege, nalo laweza kuua. Nenda hospitali kwanza, uache pombe chini ya uangalizi.