Hisani: Neno la Aliyepokea, Si la Aliyetoa

Wanachuo wenzangu, pitieni ubao wa matangazo wiki yoyote ile. Bonanza kwa hisani ya fulani, mdahalo kwa hisani ya fulani, fulana za mahafali kwa hisani ya fulani. Neno hili tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Mimi nasoma ualimu, na mwalimu ana tabia ya kulishika neno ambalo kila mtu anadhani analijua, kisha akauliza: hivi maana yake hasa ni nini? Leo tufanye hivyo kwa neno hisani.

Maana yake

Hisani ni wema ambao mtu anamtendea mwenzake bila kuwajibika kuutenda na bila kudai malipo. Shika mambo mawili: kabla ya tendo hakuna deni, na baada ya tendo hakuna bei. Likikosekana moja kati ya hayo, tendo linaweza kuwa zuri sana, ila litafute jina lingine.

Twende Jangwani tuone. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Aliyetoka Magomeni kwenda Kariakoo anabaki anayatazama maji. Sasa fikiria watu watatu. Wa kwanza ni kijana anayekubeba mgongoni akuvushe, kisha anadai buku. Huyo kafanya kazi, mlipe. Wa pili ni askari wa Zimamoto na Uokoaji anayekuvuta kutoka kwenye mkondo. Huyo katimiza wajibu wake, tena kwa ushujaa, mheshimu. Wa tatu ni mama anayeuza chai, hakujui wala humjui, anakuita kibandani, anakupa kanga kavu ujifunike na kikombe cha chai, na ukigusa mfuko anakwambia, "Acha mwanangu, ungekuwa wangu je?" Hiyo ya mama ndiyo hisani. Wote watatu wamekufaa, lakini ni mmoja tu ambaye hakuwa na sababu nyingine ya kukufaa zaidi ya wewe kuwa mtu.

Asili na sarufi

Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi unaobeba maana ya uzuri na wema. Mzizi huohuo ndio uliotupa ahsante, ambalo asili yake ni kumwambia mtu "umefanya vyema". Ndugu yake wa karibu, fadhila, naye ana mzizi mmoja na tafadhali. Kwa hiyo maneno mawili ya kwanza tunayomfundisha mtoto, tafadhali na asante, yamezaliwa nyumba moja na fadhila na hisani. Unapomwambia konda asante baada ya kukusubiri dakika moja, unakiri kwamba kuna jema limetendeka.

Kisarufi, hisani iko kwenye ngeli ya I-ZI: hisani hii imenigusa, hisani zake ni nyingi. Tunatenda hisani au tunamfanyia mtu hisani. Mtendaji ni mhisani, wakiwa wengi ni wahisani. Kwenye michezo pia limo: kizazi chetu kinaijua Ngao ya Jamii, lakini kaka zetu waliizoea kwa jina la Ngao ya Hisani, jina linalotokana na wazo kwamba mapato ya mechi yawafikie wahitaji.

Tusilichanganye na majirani zake. Huruma ni hisia, inakaa moyoni hata kama hujanyanyua mkono. Ukarimu ni tabia ya kutoa, hasa kwa wageni. Msaada ni neno pana, linabeba hata kile unacholipwa kwa mujibu wa sheria. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya ishirini, huruma ilikuwa nchi nzima, kila aliyeona taarifa ya habari aliumia. Hisani ilikuwa ya wale wafanyabiashara na wapita njia walioanza kufukua kifusi kwa mikono kabla mitambo haijafika, wakitafuta watu ambao wengine wala hawakuwahi kuwaona.

Neno linapoharibika

Kiswahili kina neno maalumu kwa ajili ya hisani iliyooza: masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea ili ajisikie mdogo. Wengi wetu tuliosomeshwa na ndugu tunalielewa bila kamusi. Wahenga walituachia dawa yake: tenda wema nenda zako. Hawakusema tenda wema kaa hapo usubiri. Na ndiyo maana, ukisikiliza vizuri, hisani ni neno linalopendeza mdomoni mwa aliyepokea. "Nimesoma kwa hisani ya shangazi" inapendeza. "Umesoma kwa hisani yangu," akiisema shangazi mwenyewe, tayari ni masimango.

Hapo neno wahisani linatupa kazi ya kufikiri. Kwa miaka mingi tumeziita nchi zinazochangia bajeti yetu nchi wahisani. Mwaka 2014, sakata la akaunti ya Tegeta Escrow lilipoibuka, nchi hizo zilizuia fedha zilizokuwa zimeahidi. Huenda zilikuwa na sababu nzuri tu, hilo ni somo la siku nyingine. Ninachosema ni cha kilugha: fedha inayokuja na masharti, na inayozuilika masharti yakivunjwa, ni makubaliano. Tukiita makubaliano hisani, tunakaa mezani kama waombaji badala ya kukaa kama upande mmoja wa mkataba.

Kosa la pili linauma zaidi, nalo ni kuiita haki hisani. Turudi bondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waathirika wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Mablanketi, unga na nguo walizotoa wananchi wenzao zilikuwa hisani. Lakini serikali kumlinda raia wake asizame ni wajibu. Na miaka hii ambapo nyumba za bondeni zinabomolewa kupisha mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, kile wanacholipwa wenye nyumba kinaitwa fidia. Fidia ni malipo ya kitu kilichochukuliwa. Anayepokea hisani husema asante na kuondoka. Anayepokea fidia ana ruhusa ya kuhesabu na kuuliza, "Mbona pungufu?" Neno moja likibadilishwa, swali lile linaonekana utovu wa shukrani.

Hata sisi yanatuhusu. Bumu likichelewa, utasikia mtu anasema tuvumilie, tunasaidiwa tu. Hapana. Fedha ya Bodi ya Mikopo ni mkopo, tutaurudisha kwa makato ya mshahara, asilimia 15. Tukilidai kwa adabu, hatumkosei mhisani yeyote.

Sisi tutakapokuwa watoaji

Masika yakifika tutachangishana tena nguo na vyakula, na safari ya kwenda kwa waathirika itapangwa. Ni jambo jema, twende. Ila bango letu lisiwe kubwa kuliko mfuko wa unga. Mama aliyepoteza godoro lake jana asilazimike kutabasamu mbele ya kamera akiwa ameshika sukari yetu, kwa sababu picha ile ikishakuwa bei ya sukari, hisani imeshaondoka. Kama yeye mwenyewe atapenda kusema kwa majirani zake, "Nimepata kwa hisani ya wanafunzi," basi neno litakuwa limetoka mahali pake.

Zoezi

Soma sentensi hizi, kisha amua kama neno hisani limetumika sawasawa. Lisipofaa, weka linalofaa.

1. Mhadhiri ametufanyia hisani, amesahihisha mtihani kwa haki.
2. Mgeni alilala kwetu siku tatu kwa hisani ya jirani aliyetuazima chumba.
3. Mwenye nyumba ametufanyia hisani, ameturudishia pesa ya umeme tuliyolipa zaidi.
4. Nimekutendea hisani nyingi, usinisahau ukipata kazi.
5. Muuza mitumba wa Kariakoo alinipa koti bure nilipolowa mvua.

Ya kwanza ni wajibu, ya tatu ni haki, ya nne ni masimango. Ya pili imekaa sawa. Ya tano neno lenyewe halimo, lakini tendo limo, na wanaotenda hisani wengi ndivyo walivyo: hawalitaji. Kazi ya kulitaja ni yetu tuliopokea.