Pakua Mara Moja, Gawa Kumi na Tisa: Vidokezo vya Maabara za Kompyuta Dadaab

Data ya maabara ya shule katika kambi za Ifo, Dagahaley au Hagadera huisha haraka kwa sababu moja: kila kompyuta hukimbilia intaneti kivyake kutafuta masasisho yaleyale. Tuseme ziko 20, kila moja ivute GB 1. GB 20 zimekwenda na hakuna mwanafunzi aliyefungua somo. Weka seva moja chumbani ipakue yenyewe, kisha igawie wenzake. Wazo hili si geni hapa. Mtandao wa DadaabNet wa mwaka 2012 uliunganisha mashirika ya misaada yapeane mafaili papo hapo kambini, bila kila faili kupanda setilaiti kwanza.

1. Usingoje mashine ya bei. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye RAM ya GB 8 na diski ya TB 1, inatosha. Weka Ubuntu Server, toleo la LTS. Ni bure, na hupata masasisho kwa miaka 5.

2. Pesa itumie kwenye swichi na kebo. Nakala ya mfumo yenye GB 20 ikipita kwenye swichi ya Mbps 100 huchukua karibu nusu saa, tena kwa kompyuta moja tu. Kwenye swichi ya gigabiti ni dakika chache. Wi-Fi waachie wanafunzi.

3. Anza na ghala la masasisho. Kwa Linux, sakinisha apt-cacher-ng, kisha elekeza kompyuta zote kwenye seva, mlango (port) wa 3142. Ya kwanza ikiomba faili, seva huileta kutoka nje na kuiweka. Zinazofuata huipata humo humo ndani. Kwa Windows, fungua mipangilio ya Delivery Optimization uruhusu kompyuta za mtandao wa ndani pekee zipeane masasisho. Mashine kuukuu za msaada zilizobaki na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, mimi ningezihamishia Linux bila kusita.

4. Tengeneza kompyuta moja vizuri, nyingine zinakili. Hapa ndipo FOG, programu ya bure ya kunakili mifumo unayoisakinisha kwenye seva, inapokuokolea wiki nzima ya kazi. Andaa mashine moja hadi uridhike nayo: LibreOffice, Kolibri kwa masomo yasiyohitaji intaneti, akaunti ya mwanafunzi. FOG ichukue nakala yake. Kisha washa zile nyingine kupitia mtandao, nazo zitapokea nakala hiyo kwa pamoja. Zikikataa kuwaka, ingia BIOS uzime Secure Boot. Kwa Windows, pitisha Sysprep kabla ya kunakili.

5. Mgawaji wa anwani awe mmoja. Ikiwa ruta tayari inagawa anwani za IP, seva isigawe tena. Zikigawa zote mbili, mtandao mzima utayumba. Tumia dnsmasq kama proksi, ielekeze tu mashine kwenye FOG zinapowaka kupitia mtandao.

6. Vumbi na stima. Inua seva kutoka sakafuni, ipulize vumbi kila wiki, iweke mbali na dirisha la jua. UPS ni lazima. Sola ikipungua jioni, seva ijizime taratibu kabla betri haijaisha, kwani diski ikikatiwa stima katikati ya kuandika inaweza kuharibu ghala lote. Nakala rudufu iwe kwenye diski ya nje, jengo jingine.

7. Mafundi wawe wawili au zaidi. Mafundi wengi kambini ni wakimbizi wanaolipwa posho, na safari ya kuhamia nchi nyingine ikiiva, mtu huondoka na maarifa yake. Andika hatua zote kwenye daftari, kwa Kisomali na Kiswahili. Nywila itie kwenye bahasha iliyofungwa, aitunze mwalimu mkuu. Kisha mpe fundi wa pili daftari hilo, utoke nje ya chumba, umwache asakinishe kompyuta moja upya peke yake. Akikwama mahali, rekebisha ukurasa huo siku hiyo hiyo.