Kukadiria Bei ya Haki ya Katapila la Kupakia Lililokwisha Tumika

Katika mazungumzo ya kila siku, mashine nzito itembeayo kwa minyororo ya chuma huitwa katapila, jina lililotokana na kampuni ya Kimarekani ya Caterpillar. Makala haya yahusu aina moja tu, yaani katapila la kupakia: lile lenye ndoo kubwa mbele, lichotalo udongo au mawe na kuyamwaga katika lori. Likiwa jipya, bei yake huwashinda wanunuzi wengi. Kwa hiyo vikundi vya wachimba kokoto, vyama vya ushirika na makandarasi wadogo aghalabu hununua lililokwisha tumika. Hapo ndipo akiba ya miaka mingi ya watu wengi iwezapo kupotea kwa alasiri moja, kwa kuwa muuzaji hutaja bei, naye mnunuzi hana kipimo cha kumjibia.

Kuna njia mbili zitumiwazo sana, na zote mbili hazitoshi. Ya kwanza ni ya wahasibu: bei ya mashine mpya hugawanywa kwa idadi ya miaka, kisha kila mwaka ukipita sehemu moja huondolewa. Hesabu hiyo yafaa katika vitabu, chuma hakiijui. Ya pili ni kusoma mita ya saa za kazi. Mita huweza kubadilishwa, na hata ikisema kweli, saa elfu tatu katika udongo laini si sawa na saa elfu tatu katika mchanga wa mawe makali.

Kipimo kilicho imara zaidi kimo chini ya mashine yenyewe. Minyororo, rola zibebazo uzito, magurudumu ya mbele yaukazayo mnyororo, na magurudumu ya meno yauvutayo, huweza kula hadi karibu nusu ya gharama zote za matengenezo katika maisha ya mashine. Katapila la kupakia huumia hapa kuliko buldoza. Buldoza husukuma likienda mbele kwa mwendo mrefu, lakini katapila la kupakia hugeuka bila kikomo kati ya lundo na lori, na kila mgeuko husaga chuma ubavuni.

Kupima si kazi ngumu. Mnyororo hukazwa kwanza kwa kuweka kipande cha chuma kati ya jino na kiungo, na kuirudisha mashine nyuma kidogo. Kisha hupimwa urefu wa viungo vinne, kutoka ukingo wa pini moja hadi ukingo ule ule wa pini ya tano, bila kuihusisha pini ya kuungia mnyororo. Urefu ulioongezeka waonyesha kuwa pini na bushi zimelika kwa ndani. Unene wa nje wa bushi nao hupimwa kwa kalipa. Tuseme, kwa mfano, kuwa bushi mpya ina milimita 60, na kikomo chake ni milimita 54. Ikipimwa na kuonekana ina 57, nusu ya maisha yake imekwisha. Hata hivyo nusu iliyobaki yaweza kuwa fupi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ugumu wa bushi umo katika tabaka la juu tu. Tabaka hilo likiisha, ulikaji huenda mbio. Katika minyororo iliyofungiwa mafuta ndani, kiungo kiwacho cha moto kuliko wenzake baada ya kazi kimekauka.

Sehemu nyingine zatazamwa upesi zaidi. Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mgeni kufika ameficha jambo, au amekosa adabu ya biashara. Ndoo iliyojaa ikiinuliwa na kuachwa, isishuke yenyewe. Rangi mpya juu ya maungio ya mikono ya ndoo yataka kukwanguliwa, maana nyufa hupenda kujificha hapo.

Sasa tufanye hesabu kwa tarakimu za kudhania tu. Tuchukulie kuwa mashine ya namna hiyo iliyo katika hali nzuri, ambayo asilimia 30 ya maisha ya miguu yake imetumika, huuzwa shilingi milioni 120. Yetu imetumika asilimia 70, na miguu mipya pamoja na ufundi ni milioni 40. Tofauti ya asilimia 40 ni milioni 16. Breki na klachi za kugeuzia ni milioni 9, pini na meno ya ndoo milioni 3, na kuisafirisha milioni 4. Inabaki milioni 88, nayo ndiyo bei ya haki sokoni.

Lakini bei ya haki yaweza kuwa bei mbaya kwa mnunuzi fulani. Tuseme kikundi cha kokoto kina kazi ya saa 1,000 kwa mwaka, na kila saa, baada ya mafuta, mshahara wa dereva na akiba ya minyororo mipya, huacha shilingi 20,000. Kwa miaka minne ni milioni 80, na mwishowe mashine iuzwe kwa milioni 10. Ukijumlisha wapata 90, na wengi husimama hapo wakifurahi. Fedha ya mwaka wa nne, hata hivyo, si sawa na fedha ya leo. Ikiwa mkopo una riba ya asilimia 15 kwa mwaka, mapato hayo yote yana thamani ya milioni 63 tu leo. Kwa kikundi hicho, kutoa 88 ni kununua hasara ya milioni 25, ingawa muuzaji hakumdanganya mtu. Kandarasi wa barabara mwenye kazi maradufu kila mwaka, kwa saa zile zile 4,000, atapata thamani ya kama milioni 73. Naye pia afadhali aendelee kukodi, au arudi kwa muuzaji akiwa na kalipa mkononi.